Aliyekulia uswahilini, mbona bado ananunua vya kupima?

Mdau: Mtu wa Manzese, uswahilini Dar, ana mshahara sasa, lakini bado mafuta ya kupima na mkaa wa kopo. Ubahili?

Jibu 1: Hapana. Kipato cha kutwa hufundisha bajeti ya kutwa. Akishika laki 5 kwa mkupuo, zinayeyuka wiki ya kwanza. Siku ya mshahara atenge kodi na gunia la mkaa, kinachobaki agawe kwa siku 30.

Jibu 2: Gunia aliweke wapi, na chumba ni kimoja?

Jibu 3: Mmesahau upatu, yaani kuchangishana na kupokea kwa zamu, shule kubwa ya uswahilini ya kushika pesa ya mkupuo. Watu 10, kila mmoja 5,000 kwa wiki, mmoja anabeba 50,000. Huvunjika waliotangulia kupokea wakiingia mitini, kwa hiyo mgeni apokee mwishoni.