Treni zisizo na dereva zipo tangu miaka ya 1980, mbona magari bado yanahangaika?

MwendoPole:
Wakuu habari za humu.

Mimi ni dereva wa basi, ndiyo kazi iliyonilea na kunizeesha. Juzi mwanangu kanionyesha video ya treni ya Dubai. Abiria kakaa kiti cha mbele kabisa, pale ambapo ningetegemea kumkuta dereva, anapiga picha reli inavyomjia. Hakuna chumba cha dereva, hakuna mtu. Akaniambia, "Baba, kazi yenu imeisha hiyo." Nikamjibu kwamba treni hiyo inatembea tangu 2009 na mshahara wangu bado unaingia. Lakini usingizi ulichelewa kuja.

Nikaanza kusoma. Kumbe Kobe, Japani, walizindua treni ya namna hii mwaka 1981, na Lille kule Ufaransa mwaka 1983. Sasa najiuliza: kompyuta za 1981 zilikuwa na nguvu gani? Simu ya mwanangu inazishinda zote. Iweje ziliweza kuendesha treni, halafu leo gari linalojiendesha liko kwenye miji ya kuhesabika, na likikosea tu ni habari ya dunia nzima?

Maana mimi barabarani nafanya mambo ambayo hata utingo wangu siwezi kumfundisha kwa maneno. Mtu kasimama pembeni mwa barabara: siangalii uso wake, naangalia mguu. Kisigino kikiinuka, huyo anavuka, hata kama macho yako kwenye simu. Mwenye baiskeli akigeuza shingo kidogo, anataka kuingia mbele yangu. Mpira ukichomoka uchochoroni, simsubiri mtoto aonekane, mguu uko kwenye breki tayari. Hayo nani kaiandikia kompyuta?

Na la pili: ikiua mtu, nani anapanda kizimbani? Wanaojua wanijibu tafadhali.

Kipanga77:
Mzee teknolojia haina breki. Ndege zinajiendesha zenyewe siku hizi, wewe bado uko na visigino. Kompyuta hailewi, haisinzii, haichati ikiwa kwenye usukani. Mwanao kasema kweli, anza kutafuta shamba.

FundiIshara:
Kipanga, ndege hiyo ya abiria unayoisema ina marubani wawili mbele, na wanalipwa vizuri tu. Tuendelee.

Mzee MwendoPole, shikamoo. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi za ishara za reli, upande wa treni za mijini. Swali lako la kompyuta za 1981 limegusa penyewe. Treni ya Kobe haikuhitaji akili nyingi kwa sababu ilijengewa njia yake. Njia ipo juu ya nguzo, hakuna gari wala mtembea kwa miguu anayekatiza, na ukingoni mwa jukwaa kuna milango inayofunguka treni ikishasimama mahali pake. Baada ya hapo kompyuta inabaki na maswali matatu: niko wapi, aliye mbele yangu yuko wapi, milango imefungwa? Hayo mashine ya 1981 inayamudu bila jasho. Kisigino cha mtu hakimo kwenye hesabu kabisa.

Halafu kuna jambo la zamani zaidi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, na treni iliyo kwenye mwendo hutaka mamia ya mita mpaka isimame. Haina pa kukwepea. Kwa hiyo tangu karne ya 19 wenye reli walishakubali kwamba macho ya dereva hayatoshi, lazima kuwe na ishara ya kumwambia njia iko wazi kabla yeye mwenyewe hajaona. Yaani dereva wa treni alikuwa akipokea amri kutoka nje zamani sana, na kompyuta ilikuja kurithi amri hizo. Njia ya Victoria pale London ilipofunguliwa mwaka 1968, treni ilikuwa inajiendesha yenyewe kati ya stesheni na stesheni. Mtu wa mbele alifunga milango, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, ikaondoka.

Tazama Paris. Njia yao namba 1 ni ya mwaka 1900, na waliigeuza ikawa ya bila dereva kati ya 2011 na 2012 huku abiria wakiendelea kupanda. Sehemu kubwa ya kazi ambayo abiria angeweza kuishika kwa mkono ilikuwa milango ile ya ukingoni mwa majukwaa, iliyowekwa usiku baada ya usiku. Kwenye reli za masafa marefu nako, treni za kampuni ya madini ya Rio Tinto za kubeba madini ya chuma huko Pilbara, Australia, zinafika kama kilomita 2.4 kwa urefu na hazina mtu ndani, tangu 2018. Ila ile ni nyika, na reli ni ya kampuni yenyewe. Treni za abiria zinazopita kwenye vivuko vya barabara, karibu zote bado zina dereva.

Na watu hawajaondoka hata kwenye hizo za bila dereva, wamehamia usipowaona. Kwenye zamu za usiku tulikuwa tunasubiri treni ya mwisho ilale, umeme wa reli ukatwe, mtu apime kwa kifaa kwamba kweli umekatwa (neno la simu peke yake hatukuliamini), ndipo tunashuka na tochi. Ukifika kwenye mlango wa jukwaa unachukua kipande chembamba cha mbao, unakiweka katikati, unaamuru mlango ufunge. Mlango unatakiwa ukatae. Ukikubali kufunga juu ya mbao, mlango huo hauoni abiria asubuhi mpaka utengenezwe. Nimeshuhudia pia kinyume chake, mlango mzima kabisa ukikataa kufunga kwa sababu ya karatasi ya pipi iliyokunjwa ndani ya mfereji wa chini, treni tano zimesimama nyuma zinasubiri. Na treni ikikwama katikati ya njia, kuna mhudumu anafungua kwa ufunguo kisanduku cha mbele, ndani mna mpini wa kuendeshea, anaisogeza polepole hadi stesheni. Huyo wewe ungemwitaje?

BintiRamani:
Naongezea upande wa magari, ndiko ninakolia ugali wangu, naandaa data za kufundishia mifumo hiyo.

Baba, kisigino kinafundishwa. Tunaweka alama kwenye picha nyingi mno: bega liko wapi, goti limekunjwa au la, kichwa kimeelekea upande gani. Programu haijui nia ya mtu. Inachofanya ni kuchora njia kadhaa ambazo anaweza kuzifuata na kuipa kila moja uzito wake. Tatizo linakuja kwenye kitu kisichofanana na vilivyofundishwa. Mwezi Machi 2018, Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku anasukuma baiskeli kwa mkono. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba vihisi vilimnasa kama sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda ulikuwepo! Ila mfumo ulikuwa unabadili mawazo: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Na kila ulipobadili jina ulitupa kumbukumbu ya alikokuwa akitokea, ukaanza kukisia upya. Wewe ungeona mtu na baiskeli, basi, ukakanyaga breki.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, na mimi binafsi linanikera. Kwenye kiti cha dereva alikuwepo msimamizi, aliyekuwa akitazama kipindi kwenye simu. Waendesha mashtaka walisema mwaka 2019 kwamba hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Msimamizi ndiye aliyeshtakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya uangalizi. Mtu unamweka akae masaa akitazama gari linalojiendesha vizuri, halafu unamdai aamke ndani ya sekunde mbili. Ni kazi ngumu kuliko kuendesha.

Waliopiga hatua ni Waymo, kampuni ya Marekani ya magari yanayojiendesha. Tangu 2020 wanabeba abiria wa kawaida huko Phoenix bila mtu mbele, baadaye San Francisco na Los Angeles. Takwimu walizochapisha wenyewe zinaonyesha ajali za majeruhi chache kuliko za madereva binadamu kwenye maeneo yale yale. Lakini angalia masharti: eneo limechorwa ramani kwa undani mapema, na gari likichanganyikiwa linauliza watu walio mbali. FundiIshara, huo si ukuta ule ule wa kutenga njia yenu, ila umetolewa kwenye zege ukawekwa kwenye kompyuta?

FundiIshara:
Ni huo huo, ila wenu hauwazuii watu kuingia.

Kipanga77:
Sawa nimeelewa, lakini bado treni ni salama kuliko binadamu. Hakuna dereva, hakuna uzembe.

FundiIshara:
Uzembe unaweza kuwa kwenye michoro. Yokohama, Juni 2019, treni ya bila dereva iliondoka kinyumenyume ikagonga kizuizi cha mwisho wa reli, watu zaidi ya kumi wakaumia. Waya uliobeba amri ya mwelekeo ulikuwa umekatika. Kompyuta ya stesheni iliamini treni imegeuka, mota hazikupata habari. Dereva angeshangaa baada ya mita moja tu.

MwendoPole:
Marahaba FundiIshara, na ahsante sana binti yangu. Leo nimesoma kuliko mwaka mzima.

Sasa nina swali la mwisho. Basi likipewa njia yake peke yake, iliyotengwa na magari mengine, si litakuwa sawa na treni? Hapo sisi tunatoka?

BintiRamani:
Njia ikitengwa kazi inapungua sana, na gurudumu la mpira linashika breki vizuri kuliko la chuma. Ila bado kuna makutano, na watu watakatiza popote palipo na upenyo. Mabasi madogo yanayojiendesha mengi yaliyojaribiwa yalikwenda polepole, na mara nyingi mtu wa usalama yumo ndani.

FundiIshara:
Na jua hili mzee: Paris ilipogeuza njia namba 1, madereva hawakuachwa hewani. Wengi walihamishiwa njia nyingine, na wengine wakawa wasimamizi wa mwendo kwenye chumba cha udhibiti. Anayejua basi lililokwama lina abiria wa hali gani ndani, wanaanza kugombana dakika ya ngapi, anahitajika pale.

MwendoPole:
Dakika ya nne. Kukiwa na joto, ya pili. Huko kwenye chumba cha udhibiti wanachukua mpaka umri gani?