Mizizi ya Legendre kupishana: naitumiaje kutafuta nodi 45?

Mdau_Iyunga
Wakuu habari za Mbeya na kwingineko. Nahitaji nodi 45 za Gauss-Legendre (pointi za kukadiria integrali, ambazo ni mizizi ya P45, polinomia ya Legendre ya digrii 45) kwa hesabu ya joto kwenye kikaushio cha chai, mfano wa vile vya Mufindi. Nimeifumua P45 hadi namba zote zilizo mbele ya x, nikaipa programu itafute mizizi. Ya katikati imetoka safi. Ya pembeni, karibu na 1 na −1, mingine imetoka na namba za kufikirika, mingine imevuka 1 kabisa. Nasikia mizizi ya digrii moja hupishana na ya digrii inayofuata, yaani kati ya kila miwili ya hii kuna mmoja wa ile. Ni lazima iwe hivyo? Na naitumiaje?

Fundi_Mafinga
Mkuu, tatizo ni kuifumua. Jumlisha namba za mbele ya x za P45 bila kujali ishara: unapata zaidi ya 10^16. Kompyuta inabeba tarakimu kama 16 tu, kwa hiyo ukifika karibu na 1, ambapo thamani ya P45 haizidi 1, kutoana kunameza kila kitu. Acha hizo namba, pandisha digrii kwa kanuni hii:

(k+1)P(k+1) = (2k+1)·x·P(k) − k·P(k−1)

Anza na P0 = 1, P1 = x. Kupishana ni lazima, na ndiko kunakokupa mipaka ya kutafutia. Mizizi ya P3 ni −0.77460, 0 na 0.77460. Ongeza −1 na 1 kwenye ncha, unapata vipande vinne, na kila kipande kina mzizi mmoja tu wa P4. Chukua (0, 0.77460). P4(0) = 0.375. Katikati, 0.38730, P4 ni −0.089. Ishara imegeuka, basi mzizi uko kushoto. Endelea kukata nusu kwa nusu utatua 0.33998. Kama mara 50 zinatosha kumaliza tarakimu za kompyuta.

Tafuta mizizi chanya tu, hasi ni kioo chake. Hadi P45 ni mizizi 506 kwa jumla, kazi ya kufumba na kufumbua.

Tukuyu_Hesabu
Sababu yenyewe ni fupi. Kwa fomula ya Christoffel na Darboux, P′(n+1)·P(n) − P′(n)·P(n+1) ni chanya kila mahali (P′ ni mteremko wa P). Kwenye mzizi wa P(n+1) kipande cha pili kinakufa, hivyo P(n) inabeba ishara ileile ya mteremko wa P(n+1). Mizizi miwili jirani ina miteremko inayopingana, basi katikati yake P(n) lazima ikate sifuri. Kati ya mizizi n+1 ya P(n+1) nafasi ni n, mizizi ya P(n) ni n: mmoja kila nafasi.

Polinomia za Hermite na za Laguerre (L), ndugu za Legendre, vilevile. L2 ina 0.5858 na 3.4142, L3 ina 0.4158, 2.2943 na 6.2899. Laguerre haina ncha ya kulia, weka 4n, mizizi haivuki hapo.

Ila angalia sharti: kwa Laguerre yenye α (namba unayochagua; hapo juu ni 0), lazima α iwe kubwa kuliko −1. Weka α = −1.5 uone: mzizi wa digrii 1 ni −0.5, ya digrii 2 ni −0.2071 na 1.2071. Ule wa kwanza umebaki nje. Kwenye kanuni ya Laguerre ya kupandisha digrii kuna n(n+α), ambayo kwa n = 1 imekuwa hasi, na hoja yote hapo juu inasimama juu ya namba hiyo kuwa chanya.

Mdau_Iyunga
Asanteni sana. Sasa kwa kuwa nataka P45, naweza kuruka digrii za shufwa, nitoke P43 moja kwa moja?

Fundi_Mafinga
Usiruke. P43 na P45 zote zina mzizi 0, hapo hakuna kupishana. Hata kwenye shufwa itakuangusha: mizizi ya P2 ni ±0.57735, na P4 kwenye ncha zote mbili ni −0.389. Ishara zinafanana, programu itasema kipande ni kitupu, kumbe ndani mna miwili, ±0.33998. Alichothibitisha mwanahisabati Stieltjes kwa digrii zilizoachana ni "angalau mmoja", si "mmoja tu".

Uyole_Matriksi
Kwa kazi ya kila siku tumieni njia ya Golub na Welsch ya 1969. Matriksi ya 45 kwa 45, sifuri kwenye mshazari mkuu, na pembeni yake juu na chini k/√(4k²−1): 0.57735, 0.51640, 0.50709, hadi k = 44. Aigenivalu zake (namba λ ambapo matriksi ikizidisha vekta fulani, aigenivekta, hutoa vekta ileile mara λ) ndizo nodi. Tumia programu ya matriksi simetriki, si ile ya jumla, ndipo namba za kufikirika hazitokei kabisa. Uzito wa kila nodi (namba ya kuzidisha thamani ya hapo kabla ya kujumlisha) ni mara 2 ya mraba wa namba ya kwanza kwenye aigenivekta yake, ikiwa na urefu 1.

Ukifuta safu na mstari wa mwisho unabaki na nodi za P44. Zipange pamoja na za P45: zisipopishana, kuna kosa mahali kwenye hesabu. Na uzito wote ujumlike kuwa 2.

Halafu mkuu, 45 za nini? Nodi 10 zinapatia kamili polinomia yoyote hadi digrii 19. Kama joto la kikaushio chako linapanda ghafla mahali fulani, kata kipande hapo na uweke nodi 10 kila upande.