Nimeuziwa boksi la "vihisi 10 vya NXT", vya NXT kweli ni vitatu tu

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia klabu ya roboti ya watoto wa shule ya msingi, na tunatumia kompyuta ndogo mbili za kuendeshea roboti, LEGO Mindstorms NXT, toleo lililotoka mwaka 2006, ambazo vihisi vyake vingi (vifaa vya kutambua mguso, mwanga, sauti au umbali) vimeshakufa. Muuzaji mmoja wa mitumba alitangaza boksi la vihisi kumi, "vyote vya NXT, vyote vizima". Nilimwandikia mapema kwamba nahitaji vya NXT pekee, akakubali, nikalipa Sh 350,000.

Vinne ni vya EV3, toleo la Mindstorms lililofuata, la mwaka 2013. Kwa haraka haraka huwezi kushtuka, kwa sababu plagi ni ileile, yenye kibanio kilichosogezwa pembeni, na inaingia bila kulazimishwa. Lakini kihisi cha umbali kina macho yenye duara jekundu, wakati macho ya kile cha NXT ni ya rangi ya chungwa, na kihisi cha mguso nacho kina kitufe chekundu badala ya cha chungwa. Kingine kimechorwa mishale ya kuzunguka juu yake: hiyo ni jairoskopu, kihisi cha kupima mzunguko, ambayo seti za NXT hazikuwa nayo. Kompyuta ya EV3 husoma vihisi vya NXT, lakini kinyume chake hakiwezekani, kwani vihisi vya EV3 vya rangi, umbali na mzunguko hutuma data kwa utaratibu ambao NXT haiufahamu kabisa. Watoto walikaa kipindi kizima wakitafuta kosa katika programu yao, na kosa halikuwa lao.

Hata hivyo vitatu vya NXT vimebandikwa majina ovyo. Viwili vimeandikwa "mwanga", na kimoja kati yake ni cha sauti. Maumbo yanafanana, lakini cha mwanga kina kijitaa kidogo na kijicho cha kupokea mwanga usoni, na cha sauti kina tundu la mviringo lenye sponji ndani. Kukagua hilo ni kazi ya sekunde tano.

Nilipolalamika, jibu lake lilikuwa: "Plagi inaingia, kwa hiyo ni vya NXT."

Sasa tazameni vitatu vilivyobaki. Ni vya RCX, kompyuta ya Mindstorms ya kwanza kabisa, ya mwaka 1998: viwili vya mguso na kimoja cha mwanga, cha buluu. Havina plagi ya aina yoyote. Huunganishwa kwa kubandika tofali dogo la plastiki lenye vibati vya umeme, kama watoto wanavyobandika tofali juu ya tofali. Nilimtumia picha zake na kumwomba anionyeshe plagi inayoingia. Akanizuia nisimwandikie tena.

Mwenye kompyuta ya RCX inayohitaji vihisi hivyo, au mwenye vya NXT asivyovitumia, tafadhali ajitokeze tubadilishane. Vya mguso nimevipima kwa multimita, vinafanya kazi vyote viwili.