Msimng'oe jino tena

*Kundi: Ukoo wa Sengerema*

JUMATATU

Mama Juma: Shikamooni wakubwa. Shavu la Juma bado. Jino waling'oa wiki iliyopita, wakasema ni jipu. Sasa uvimbe umezidi. Leo uji kanywa kwa kijiko, kutafuna hawezi.

Bibi: Marahaba mwanangu. Asukutue maji ya chumvi. Baba yake alivimba hivyo hivyo, likatumbuka usaha likaisha.

Shangazi Rehema: Shikamoo Mama. Wifi, ukiligusa lina moto? Ana homa? Linamuuma?

Mama Juma: Hana homa wifi, na haliumi sana. Ila gumu kama goti. Na jana nikimpigisha mswaki, gego la jirani lilicheza chini ya kidole changu.

Shangazi Rehema: Miaka 6 yanacheza ya mbele, si magego. Mpige picha dirishani, jicho lionekane.

Mama Juma: 📷 Picha

Shangazi Rehema: Jicho la kushoto limeanza kusukumwa juu. Wote nisikilizeni. Jipu la jino huwa na moto, huuma, hutoa usaha. Huu ni mgumu, hauumi, umekua ndani ya wiki na unalegeza magego. Kwa mtoto wa huku ziwani lazima tufikirie uvimbe wa Burkitt. Ni saratani, najua neno hili ni zito. Lakini ni katika zile zinazoitikia dawa upesi, mtoto akiwahishwa. Unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku mbili tu. Msimng'oe jino tena, na chale msimchanje. Kesho hospitali ya Bugando, Mwanza.

Baba Mdogo: Dada, saratani kwa mtoto huyu? Tumekosea wapi?

Shangazi Rehema: Hamjakosea popote. Inahusiana na malaria ya kila mara pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu sote tunakipata utotoni bila kujua. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto wenye mataya kama la Juma. Haiambukizi. Alale na wenzake kama kawaida.

Bibi: Watamkata taya mjukuu wangu?

Shangazi Rehema: Hapana Mama. Kuna uvimbe mwingine, ameloblastoma, unakua polepole kwa miaka, huo ndio hukatwa pamoja na mfupa. Wa Burkitt unatibiwa kwa dawa za mshipa. Kwanza watachukua kinyama kidogo cha uvimbe wakapime. Watapiga picha ya taya, na ultrasaundi ya tumbo maana hupenda kujificha kwenye figo. Watachukua na maji ya uti wa mgongo. Wifi, hiyo sindano ya mgongo usiikatae. Ndiyo inayoonyesha kama umefika kwenye ubongo.

Baba Mdogo: Nauli natuma sasa hivi. Siku hizi daraja lipo, hamsubiri kivuko.

Mama Juma: Tunatoka alfajiri.

JUMATATU ILIYOFUATA

Mama Juma: Majibu ya kinyama: ni Burkitt. Tumboni hakuna kitu. Lakini tangu jana ni dripu za maji tu, na mkojo wanaupima kwenye jagi. Mbona dawa hawaanzi?

Shangazi Rehema: Wanalinda figo. Dawa ikiingia uvimbe unavunjika kwa kasi, takataka zake zote hupita huko. Hakikisha anakojoa sana, na mkojo ukipungua mwite muuguzi hata usiku wa manane.

JUMAPILI

Mama Juma: Siku ya 5 tangu dozi ya kwanza. Jana katapika sana. Leo nimebonyeza shavu, kidole kimezama! Jicho limerudi chini. Kaomba ugali na sato, nimemchambulia miiba akala vipande vitatu.

Bibi: Mungu wangu. Vitatu! Nipigie nimsikie sauti.

Shangazi Rehema: Nimelia hapa wodini kazini kwangu. Wifi, atakuwa anaonekana mzima kabisa kabla dozi hazijaisha. Usirudi naye nyumbani mpaka wakuruhusu, uvimbe huu ukirudi huwa mkaidi.

Baba Mdogo: Dozi ya pili lini? Nijipange.

Mama Juma: Wiki ijayo, damu yake ikiwa sawa. Nitaandika hapa.