Iringa hadi Matema kupitia Makete: nikodi Boxer, Tornado au BMW?

Nesi_Kihesa:

Kamweneee wakuu. Mimi ni nesi, nakaa Kihesa hapa Iringa. Kazini naendesha Yamaha AG 100 kupeleka chanjo vijijini, kwa hiyo vumbi na matope nimeyazoea. Agosti nina likizo, nataka kusafiri na mdogo wangu wa kike: Mafinga, Makambako, Njombe, Makete, tupande Kitulo, tushukie Matamba hadi Chimala, kisha Uyole, Tukuyu, Kyela, tumalizie Matema ziwani. Kurudi tutafuata lami tu.

Pikipiki ya kazini siichukui kwa mambo yangu. Za kukodi nimepata tatu: Boxer 150 ya jirani, ilikuwa bodaboda, Honda XR250 Tornado ya mtu aliyemaliza mradi, na BMW F650GS ya rafiki wa kaka yangu, ambayo bei yake iko juu kuliko zote. Kaka anasema nichukue BMW kwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa kwa safari. Mimi si mrefu. Mzigo ni mabegi mawili na hema dogo. Nichukue ipi?

Fundi_Uyole:

Dada, kwanza angalia leseni yako. AG 100 na hizo tatu si kundi moja. Pikipiki inayozidi cc 125 inataka daraja A, na zote tatu zinazidi. Kama huna, lishughulikie kabla hujalipa hata shilingi.

Sasa pikipiki. Kaka yako ana haki ya kuisifu BMW. Mafinga hadi Makambako, watu wawili na mzigo, itatulia hata semi likikupita na upepo wake. Lakini ina karibu kilo 190 kabla hujafunga begi. Utasimama tu, mahali fulani kwenye kona ya Matamba, kupisha gari la viazi, changarawe chini ya buti, na uzito wote huo utashikwa na mguu wako mmoja. Tena ile inapoozwa kwa maji. Mpira wa rejeta ukipasuka Makete utasubiri spea itoke mbali, na likizo yako itaishia gesti.

Boxer ningekupa bila kusita kama ungeenda peke yako. Tangi la lita 11 linakwenda mbali, na spea zake ziko kila kijiwe cha toyo, yaani bodaboda, hadi Kyela. Ila mmepakizana, mna hema, mnapanda Kitulo kwenye mita 2,600. Huko juu hewa ni nyepesi na injini ya kabureta inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Hiyo 150 itapanda kwa gia ya kwanza huku mdogo wako akishuka kutembea.

Mimi nakwambia Tornado. Injini inapoozwa kwa hewa, haina mambo mengi, fundi yeyote aliyezoea Honda XL ataielewa. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, linameza mashimo. Shida yako itakuwa kimo, kiti kiko kama sentimita 87 kutoka chini. Usiijaribu ukiwa peke yako ukakata tamaa. Mkalishe mdogo wako nyuma, fungeni na mabegi, halafu ndiyo uone miguu inafika wapi. Shokapu ya nyuma italala kidogo na kiti kitashuka.

Na hili nakuomba ulishike. Ukifika Makete pikipiki itakuwa nzito, plagi nyeusi, moshi kidogo. Kuna fundi atakwambia akurekebishie kabureta. Kataa. Petroli imezidi kwa sababu hewa imepungua, basi. Akiipunguza pale, ukishuka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, itakuwa inanyonya hewa kuliko mafuta, injini itachemka na pistoni inaweza kukwama. Iache ilivyo, panda taratibu, ukishuka itarudi yenyewe.

Kabla ya kuichukua: vuta cheni nyuma ya sproketi, ikiachia meno imekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia, likicheza mwambie abadilishe beringi au bushi kwanza. Nunua Iringa tyubu ya mbele ya inchi 21, ya nyuma ya 18 na kebo ya klachi, ubebe. Usitegemee kuikuta ya 21 njiani.

Mzawa_wa_Matamba:

Fundi kasema kweli. Naongeza barabara. Njombe hadi Makete ni lami, nzuri. Kutoka hapo hadi Chimala jihesabie vumbi na changarawe. Kona za Matamba kwenda Chimala tunaziita Hamsini na Saba, na wewe unazishuka, si kuzipanda. Tumia gia ya pili, kwenye kona kali weka ya kwanza, acha injini ishike mwendo. Breki ya nyuma ya Tornado ni ya drami, ukiikanyaga mfululizo inapata moto na kulegea. Piga honi kila kona.

Agosti Kitulo asubuhi ni baridi ya kuuma vidole. Glovu nzito, na magazeti kifuani chini ya koti. Maua hutayakuta, hayo ni ya masika kuanzia Desemba. Kuingia ndani ya hifadhi kwa pikipiki kaulizeni kwanza ofisi yao pale Matamba.

Nesi_Kihesa:

Asanteni sana. Leseni yangu ni daraja A. Leo tumekaa wote wawili juu ya Tornado, mguu mmoja unakanyaga vizuri, wa pili nusu. Mwenyewe anataka amana na tumalizane kwa mdomo. Niogope?

Fundi_Uyole:

Kwa mdomo hapana, dada. Karatasi moja, sahihi zenu na shahidi: amana inarudi lini, injini ikifa nani analipa, pancha na kioo ni juu ya nani. Piga picha pikipiki pande zote na namba ya kilomita, mwenyewe akiwepo. Kopi ya kadi na bima ziwe mfukoni, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayekukodisha. Kama si lake, barua ya mwenye mali.

Na kwenye miteremko ya Inyala, karibu na huku kwangu, usikae mbele ya lori lenye mzigo. Kaa kando, lipite.

Nesi_Kihesa:

Nimeelewa. Jumamosi naenda kuivuta hiyo cheni.