Kona ya kazi chumbani: ukuta wa mita 1.6, dirisha la magharibi, soketi moja

MpangajiTabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kupanga kona ya kazi ndani ya chumba cha kulala, nyumba ya kupanga hapa Dar. Chumba ni mita 3 kwa 3.4. Ukuta wa kaskazini, ule wa mita 3.4, una kabati la nguo la mita 1.8 upande wa mlangoni, kwa hiyo inabaki mita 1.6 hadi kona ya dirisha. Dirisha liko magharibi na jua linaingia kuanzia saa tisa alasiri. Kitanda ni futi tano kwa sita, kimelazwa sambamba na ukuta wa kusini. Soketi ni moja tu, ya matundu mawili, ukuta wa mashariki karibu na mlango.

Vifaa: laptopu, skrini ya inchi 24, printa ya leza na ruta. Kazi ni za hesabu na vikao vya video, kutwa nzima. Nataka pawe nadhifu na papendeze, pasionekane kama stoo. Seremala ananishauri meza ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) yenye kina cha sentimita 75, na droo pande zote mbili. Nimkubalie?

KaziNaMbao

Usimkubalie bado. Piga hesabu ya nafasi ya kiti kwanza. Chumba ni sentimita 300 kutoka kaskazini hadi kusini. Toa kitanda, futi tano ni sentimita 152. Toa meza ya 75. Inabaki 73, na mtu anahitaji walau 80 kusogeza kiti nyuma na kunyanyuka bila kugonga kitanda. Ukishusha kina cha meza hadi 60 unapata 88. Hiyo inatosha, na kwa skrini ya inchi 24 macho yako bado yatakuwa sentimita 55 hadi 65 kutoka kwenye kioo. Urefu wa meza uwe 140, ubakize sentimita 10 kila upande: huku pazia lipite, kule mlango wa kabati usikwaruze meza.

Droo pande zote mbili ziondoe kabisa. Zinakula nafasi ya magoti, na droo za chini huishia kuwa kaburi la chaja mbovu. Droo moja nyembamba, kina cha ndani sentimita 8, inatosha kalamu, kalkuleta na stepla.

MDF kwa hali ya hewa ya pwani sishauri. Uso wake haupati shida sana, shida ni kingo na matundu ya skrubu: unyevu ukiingia bodi inavimba, skrubu inapoteza mshiko, na ikishavimba hairudi. Chukua plaiwudi ya milimita 18. Shiti moja ya futi nane kwa nne (sentimita 244 kwa 122) inakutosha kila kitu ikipasuliwa vizuri. Mwambie seremala aipasue kwanza kwa urefu, apate kipande cha upana wa 60. Hapo anakata meza ya 140. Upande wa pili unabaki karibu 61.5: anatoa rafu mbili za upana wa 25, na ule ukanda unaobaki, kama sentimita 11, anaukata 140 na kuusimamisha chini ya meza ukingo wa nyuma. Ukanda huo ndio unaozuia meza kulegea katikati. Plaiwudi ya 18 iliyoachwa bila mhimili kwa sentimita 140 hubonyea baada ya miezi, hasa pale skrini inapokaa.

Miguu mpe fundi wa kuchomelea: bomba la mraba la inchi moja, fremu yenye kimo cha sentimita 71, ukiweka ubao unapata karibu 73. Apige rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyeusi. Kwenye maungio ya kuchomelea apake mara mbili, kutu huanzia hapo.

Vanishi ipakwe pande zote za ubao, na chini pia. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini unavuta unyevu na ubao unajikunja. Mikono mitatu, katikati msasa namba 240, na kingo zipate mkono wa ziada kwa sababu zinanyonya kuliko kwingine.

FundiUmeme_Temeke

Nakazia alipoishia mkuu, mimi nazungumzia waya maana hapo ndipo kona nyingi zinapoharibika sura.

Soketi yako iko mashariki, meza iko kaskazini magharibi. Ukitumia ekstensheni ya kawaida itapita sakafuni nyuma ya kabati, na siku ya kudeki itakutana na maji. Suluhisho zuri ni kuongeza soketi: waya wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini), ndani ya trankingi (mfereji wa plastiki wa kufichia waya) ya milimita 25 kwa 16, ipite juu ya ukingo wa sakafu nyuma ya kabati hadi ukuta wa meza. Gundi ya trankingi haishiki kwenye rangi ya maji inayotoa unga, kwa hiyo futa kwa kitambaa kibichi, acha pakauke, ndipo ubandike. Soketi mpya ikae sentimita 60 kutoka sakafuni, chini ya meza, isionekane. Kazi hii afanye fundi mwenye leseni, na mwenye nyumba ajue.

Mwenye nyumba akikataa, nunua ekstensheni yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13 na waya mnene, uifunge kwa skrubu chini ya ubao wa meza. Skrubu ziwe fupi kuliko milimita 18 zisije zikatokea juu. Waya ukizidi usiuviringe ukiwa kazini, unapata joto. Pasi na birika visiguse ekstensheni hiyo.

Umeme kukatika: UPS (kifaa cha betri ya akiba) ya VA 650 kwa kawaida ina betri ya volti 12, ampea-saa 7. Ukichomeka skrini na ruta tu, mzigo ni kama wati 35 hadi 40, betri mpya inakupa karibu saa moja. Laptopu ina betri yake, iache nje. Printa ya leza USICHOMEKE kwenye UPS hata kidogo, inapopasha moto hunyonya wati nyingi kwa mkupuo na UPS inazima. Na UPS isikae chini ya dirisha lile la magharibi, joto linaua betri kabla ya wakati wake.

MpangajiTabata

Asanteni sana wakuu. Mwenye nyumba amekubali soketi lakini amekataa kutoboa ukuta kwa ajili ya rafu. Na jua la jioni nifanyeje? Kiti nilichonacho ni cha plastiki.

DadaWaMpango

Rafu si lazima zitobolewe ukutani. Mwambie mchomeleaji nguzo mbili za nyuma za fremu azipandishe hadi sentimita 165, aongeze ya tatu katikati. Kila rafu ikae kwenye mikono mitatu ya chuma yenye sentimita 22. Rafu ya kwanza iwe sentimita 130 kutoka sakafuni ili skrini ipite chini yake bila kubanwa, ya pili juu kabisa. Mafaili mazito weka ya chini. Fremu nzima ibaki sentimita 3 mbali na ukuta: hewa inapita, koga haishiki migongo ya mafaili, na kama mchwa wanapanda ukutani utaona njia yao mapema.

Mpangilio wako una bahati moja. Ukikaa ukitazama kaskazini, dirisha liko kushoto. Mwanga hauji nyuma ya skrini wala hauangukii kioo moja kwa moja, na kwa anayeandika kwa mkono wa kulia kivuli cha mkono hakifuniki karatasi. Kwa jua la saa tisa weka mapazia mawili kwenye fimbo mbili: jepesi jeupe la mchana na zito lenye bitana la alasiri. Zito likiwa na rangi isiyokoza upande wa nje, joto linapungua zaidi. Kwenye vikao vya video vuta jepesi tu, uso utapata mwanga laini wa pembeni. Usiku tumia taa ya mezani ya LED ya wati 7, 4000K (mwanga mweupe wa wastani), upande wa kushoto. Kama kuna feni ya dari na taa iko juu ya mapanga yake, usiitegemee kufanyia kazi, mwanga utakuwa unakatakata na macho yatauma.

Kiti cha plastiki kwa kazi ya kutwa hapana. Kwa meza ya 73, watu wengi wanahitaji sehemu ya kukalia iwe kati ya sentimita 45 na 50 kutoka sakafuni, viwiko vikae sawa na ubao. Cha plastiki mara nyingi kiko chini ya hapo, nacho hakipandi. Fedha ya droo ulizoziacha iweke kwenye kiti chenye kupanda na kushuka. Miguu isipofika sakafuni vizuri, kibao cha mabaki ya plaiwudi chini yake kinatosha.

Kuhusu kupendeza: chagua rangi mbili na mbao, basi. Kwa mfano nyeupe ya maziwa ukutani, nyeusi ya chuma, na plaiwudi iliyopakwa vanishi isiyong'aa. Vitu vidogo vya rafuni viingie kwenye vikapu vya ukili vya kimo kimoja, lakini vipate jua mara kwa mara maana ukili nao unashika koga. Acha theluthi ya rafu ya juu wazi. Ni nafasi hiyo tupu inayofanya kona ionekane imepangwa.

Printa ikae juu ya kabati dogo upande wa kitanda, siyo mezani. Rimu ya karatasi ifungue kidogo kidogo, zilizobaki zirudishe kwenye mfuko uliofungwa. Karatasi iliyolala wazi kipindi cha masika inavuta unyevu na kukwama mbili mbili kwenye printa.