Corvette ya 1963: ilizaliwa na papa au na taa?

Dogo_wa_Msamvu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mtuamue, maana mimi na kaka yangu tumenuniana tangu jana kwa sababu ya gari ambalo hatuna na hatutakuwa nalo. Yeye anasema Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1963 ilichorwa kwa kumwangalia samaki papa, eti mkuu wa wachoraji wa General Motors alimtundika papa ofisini na gari likaigwa pale pale. Mimi nasema kama ni papa, mbona limepewa jina la taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, maana Sting Ray kwa Kiswahili ndiyo taa? Halafu kuna ile habari kwamba papa mwenyewe alipakwa rangi usiku. Ni kweli au soga za kijiweni? Tumewekeana kreti nzima ya soda.

Mzee_wa_Spana:
Kaka yako yuko sahihi. Gari la mfano la General Motors lenye jina la papa, Mako Shark, ni la 1961, Sting Ray ikaja 1963. 61 inatangulia 63. Lipa kreti.

Mpigarangi_Tanga:
Usilipe kitu, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa Tanga, napiga rangi magari huku Michigan mwaka wa kumi na sita sasa, na Corvette za zamani zimepita mikononi mwangu za kutosha. Mzee wa Spana amehesabu miaka ya kuonyeshwa, hakuhesabu miaka ya kuchorwa.

Rudi 1957. Bill Mitchell, huyo huyo mwenye papa ofisini, alikuwa bado chini ya mzee Harley Earl, mkuu wa wachoraji aliyemtangulia, na studio kulikuwa na kijana Peter Brock, ambaye GM ilimwajiri akiwa na miaka 19. Mchoro wake ndio Mitchell alioupenda: mstari mmoja mkali unaolizunguka gari lote, kama umefunika sahani mbili mdomo kwa mdomo, na juu ya kila gurudumu nundu. Nenda soko la samaki la Deep Sea, Tanga, asubuhi umwangalie taa alivyotandazwa sakafuni, utaelewa jina limetoka wapi.

Mwaka huohuo makampuni ya magari ya Marekani yalikubaliana kujitoa kwenye mashindano. Mitchell hakuwa mtu wa kutulia. Mwisho wa 1958 akakalia kiti cha Earl, akachukua chesesi ya majaribio iliyobaki kwenye mradi wa gari la mbio la Corvette SS, akaivalisha bodi ya faiba iliyotokana na mchoro ule. Kazi ya kuinyoosha akampa Larry Shinoda. 1959 gari likaingia uwanjani Marlboro, Maryland, kwa gharama zake Mitchell, bila nembo ya Chevrolet, bila neno Corvette. Limeandikwa Stingray tu. Dereva alikuwa Dick Thompson, daktari wa meno wa Washington, na 1960 wakabeba ubingwa wa daraja lao wa SCCA, chama cha mashindano ya magari cha Marekani. Lilianza jekundu, likamalizia rangi ya fedha. Kasoro yake ilikuwa pua: kasi ikizidi, upepo unainyanyua mbele kama bawa la ndege. Uzuri na usalama havikulala kitanda kimoja.

Huyo ndiye baba. Gari la dukani la 1963 limetoka kwake, na kufika 1961 umbo lake lilikuwa limekwisha kukaa. Mako Shark ililetwa kuwaonjesha watu tu, kama muuza halua anavyokukatia kipande kabla hujanunua. Pua ndefu iliyochongoka, mabomba ya moshi ubavuni, paa la plastiki angavu. Aliyelichora ni Shinoda yule yule. (Huyu Shinoda ni Mmarekani wa asili ya Japani. Wakati wa vita, akiwa mtoto, serikali ya nchi yake mwenyewe ilimfungia kambini Manzanar, California, pamoja na ndugu zake. Kisha akakua akawachorea gari lao. Vijiweni hilo halitajwi.)

Sasa rangi, hapo ndipo kazi yangu. Mitchell alikuwa na papa aina ya mako aliyemvua mwenyewe, kamtundika ukutani. Akataka gari lipigwe rangi kama yule samaki: bluu nzito mgongoni, ishuke kijivu, imalizikie nyeupe tumboni. Inavyosimuliwa, mafundi walijaribu mara nyingi na kila mara anakataa. Wakachoka. Usiku wakamteremsha papa, wakampaka rangi afanane na gari, wakamrudisha. Asubuhi bosi akaridhika.

Mimi naiamini, na nakwambia kwa nini. Rangi ya kufifia namna ile haina namba ya kopo. Unatembeza bunduki ya rangi, unafungua hewa kidogo, unavuta mkono kabla hujafika, na ukisimama nukta moja tu umeacha wingu. Niliwahi kupiga bluu ya kufifia kwenye mlango mmoja tu, nikausugua kwa msasa na kuurudia mara nne, na mteja bado alinikunjia uso. Halafu kuna jambo wasiolijua wengi: papa akifa, bluu yake inakufa naye. Wavuvi wanajua. Samaki wa kutundikwa ukutani hupakwa rangi upya na fundi aliyemkausha. Kwa hiyo hata kabla ya usiku ule Mitchell alikuwa anawalazimisha mafundi waige rangi ya fundi mwenzao.

Binti_Forodhani:
Shikamoo fundi. Na ule mfupa unaokata kioo cha nyuma katikati, nao ni wa taa?

Mpigarangi_Tanga:
Marahaba mwanangu. Ule ni ubishi wa Mitchell. Alitaka uti wa mgongo utoke pua hadi mkiani bila kukatika. Mhandisi wa Corvette, Zora Arkus-Duntov, aliuchukia kabisa, maana ukiangalia nyuma kwenye kioo unaona mfupa badala ya gari linalokufuata. Mitchell akashinda 1963, Duntov akashinda 1964, kioo kikawa kimoja. Kuna wenye magari ya 1963 walioukata mfupa ule wenyewe wakaweka kioo cha 1964 ili waonekane wa kisasa. Leo za mfupa zinauzwa ghali sana, na waliokata wanajuta. Zilitengenezwa 10,594 tu za paa gumu mwaka ule.

Na jambo moja la kuchekesha, la sisi wenye Kiswahili tu. Gari linaitwa Taa, na kitu cha kwanza linachokuficha ni taa! Ziko ndani ya pua, mota inazigeuza zitoke. Agosti moja nilisimama na mzee mmoja pembeni ya barabara ya Woodward, Detroit, kwenye msafara wa magari ya zamani. Akabonyeza swichi anionyeshe. Jicho la kulia likageuka vizuri, la kushoto likalia ngrr likakwama nusu, kama mtu anayesinzia msikitini. Akalipiga kofi la upole, likafunguka. Akaniambia amelizoea.

Mzee_wa_Spana:
Nimekubali. Lakini mkia wa taa niliochapwa nao madrasa haukuwa mzuri kama gari hilo.

Dogo_wa_Msamvu:
Asante fundi. Kaka kasoma yote kimya. Anasema habari ya kupaka papa yeye ndiye aliyeileta na imekuwa kweli, kwa hiyo nusu ya kreti ni yake. Tumegawana. Za tangawizi zote kachukua yeye.